Gari Lililofuata Kijiti

Inspekta alisimama katikati ya barabara ameshika kibao chekundu kilichoandikwa SIMAMA, na hakuna aliyesimama.

Gari la kwanza lilimpita kushoto likimwachia honi ndefu. La pili likampita kulia. La tatu, gari la mikate, likapunguza mwendo, Inspekta akapata matumaini, kumbe dereva alitaka tu nafasi ya kumtukana vizuri.

"Wee mzee! Umechoka kuishi? Kafie kwenu!"

Kioo cha pembeni kikamgusa mkono. Inspekta akaruka mpaka kando, kibao kikamdondoka. Kofia na beji alikuwa ameviacha garini makusudi, akaazima kizibao cha kung'aa ili aone kazi hii inavyofanywa. Sasa alikuwa ameona.

"Hapo wamekuheshimu, mkuu," alisema Kinyozi, mshika kibao wa juu, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe. "Wengine wanarusha chupa. Ukivaa hicho kizibao wewe si mtu tena, ni koni yenye miguu."

Aliitwa Kinyozi kwa sababu kabla ya kuingia barabarani alikuwa ananyoa watu, na mpaka leo akiongea na wewe anakuangalia nywele badala ya macho. Leo hakuangalia nywele wala macho. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega la Inspekta, kule lilikoegeshwa gari la polisi.

"Nieleze tena habari ya kijiti," Inspekta alisema akijifuta jasho. "Taratibu, kama unamweleza mtoto."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Barabara ilikuwa inakarabatiwa kwenye mteremko wenye kona. Upande mmoja umefungwa kwa koni, magari yanatumia upande uliobaki kwa zamu. Kinyozi anasimama juu, Mama Pacha anasimama chini, na kona iko katikati, kwa hiyo hawaonani. Simu hawana, kwa sababu msimamizi wao huzikusanya kila asubuhi na kuzifungia kwenye sanduku la vifaa, tangu madereva walipolalamika kwamba washika vibao wanachezea simu kazini. Basi wenyewe wakabuni njia. Kinyozi akitaka kufunga huku juu, gari la mwisho analoliruhusu analipa kijiti kilichopakwa rangi nyekundu. Dereva anashuka nacho, anamkabidhi Mama Pacha. Kijiti kikifika, Mama Pacha anajua hakuna mtu nyuma yake, njia nyeupe. Anageuza kibao, magari ya chini yanapanda.

"Madereva hawakatai kukibeba?"

"Wakatae? Mtu mzima akipewa kijiti anajiona waziri."

"Na juzi ulimpa nani?"

"Yule mama wa keki." Hapo Kinyozi alichangamka. "Gari dogo, rangi ya damu ya mzee. Taa ya nyuma ya kushoto imepasuka, imezibwa kwa utepe wa gundi. Kwenye kioo kuna kibandiko cha kuku. Keki yenyewe kaikalisha kiti cha mbele, kaifunga mkanda kama abiria."

"Macho unayo. Baada yake?"

"Nikafunga."

"Akapita nani?"

"Nilifunga, mkuu."

"Sijakuuliza kama ulifunga. Nimekuuliza nani alipita."

Kinyozi akainama, akaanza kukaza kamba za viatu. Viatu vyenyewe vilikuwa vya mpira, havina kamba.

Inspekta alimwacha na kamba zake, akashuka kwa miguu mpaka kwenye kona. Hapo ndipo juzi mchana lori la mchanga, lililokuwa linapanda, lilipokata ghafla likaingia upande uliofungwa, likafyagia koni na kumgonga fundi rangi wa kikosi cha barabara, ambaye wenzake walimwita Chaki. Chaki alikuwa amepiga magoti, kayapa mgongo magari, anachora mstari mweupe wa pembeni. Lori halikusimama. Hospitali walimkata mguu juu ya goti usiku uleule, na mpaka leo asubuhi alikuwa anauliza nani amemalizia mstari.

Mstari wake ulikuwa bado pale. Ulikuja umenyooka vizuri kutoka kilimani, halafu ukaingia mtaroni.

Inspekta akachuchumaa. Alama za matairi ya lori zilikuwa nyeusi, nene, na zilianza kabla ya kona. Maana yake dereva wa lori hakusinzia, kuna kitu kilikuwa kinashuka, akakiona akakikimbia. Upande wa pili, aliotokea huyo aliyekuwa anashuka, Inspekta alitafuta mpaka shingo ikamuuma. Hakukuwa na alama hata ya kusingiziwa. Koni moja tu ilikuwa imepondwa ubavuni, imetupwa kwenye majani.

Aliyekuwa anashuka hakukanyaga breki kabisa. Mtu anaona lori zima linamjia kwenye njia ya gari moja, na hakanyagi breki. Ama ni kipofu, ama ana uhakika wa kupishwa.

Alirudi kwenye gari. Mshale, konstebo dereva wa kituo, alikuwa anafuta boneti kwa kitambaa. Gari lilikuwa linang'aa. Zamani lilikuwa linaoshwa na mvua tu, na mvua zenyewe zikitaka.

"Siku hizi umekuwa msafi," Inspekta alimwambia.

"Kazi, mkuu."

"Hivi sisi juzi si tulipita hapa?"

"Tulipita mapema sana. Palikuwa shwari. Ajali imekuja nyuma yetu."

"Eeh. Ndivyo ninavyokumbuka." Ukweli ni kwamba alichokuwa anakumbuka ni nyama. Nyama ya kantini ya kituo huisha mapema, na juzi waliiwahi.

"Twende kwa mama wa keki," alisema. "Jalada la Mama Pacha linakwenda mahakamani kesho asubuhi. Nikikosa kitu leo, yule mama anasomewa shitaka la uzembe."

"Si ndiye aliyefungua kabla ya kijiti?"

"Ndivyo tulivyoandika," Inspekta alijibu, akafunga mlango wa gari.

*

Mama wa keki aliwapokea jikoni kwake, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Yaani alimpokea Inspekta. Mshale alitangulia kuingia, yule mama akamwona, akajifuta mikono kwenye aproni mara mbili, akasema jiko ni dogo, halitoshi watu watatu. Jiko lilikuwa linatosha bendi. Mshale akatoka akangojea garini.

"Kijiti nilimpa yule dada mkononi, yule wa gauni la maua ya njano," mama alisema. "Tena alinichekea. Aliniuliza, mgonjwa wako anaendeleaje? Alikuwa anaisema keki."

"Ulimpa kabla hajageuza kibao, au baada?"

"Kabla. Nilimpa, akaangalia nyuma yangu, akageuza, lori likaanza kupanda. Mimi nikaegesha pale chini niikaze keki mkanda, ilikuwa imeanza kuinamia dirisha."

Inspekta akasimamisha kalamu. Kama ni hivyo, Mama Pacha hakukosea hata nukta.

"Ukiwa umeegesha, kuna kitu kilishuka nyuma yako?"

Mama akafungua jiko la kuoka, akachungulia. Ndani hakukuwa na kitu. Akalifunga.

"Likapita gari," alisema. "Fyuuu! Mpaka keki ikapepesuka."

"Gari gani?"

"Gari tu."

"Rangi?"

"Baba, mimi nilikuwa na keki ya harusi ya ghorofa. Ungenipitishia hata ndege nisingejua rangi."

"Umenitajia mpaka nguo aliyovaa Mama Pacha."

"Nguo nzuri huwa naikumbuka." Akaanza kukanda unga ambao ulikuwa umeshakandwa. "Mwanangu, nina watoto. Hii kazi naifanyia hapahapa mjini. Andika gari tu."

Garini, Mshale aliuliza, "Amesema nini?"

"Amesema kuna gari."

"Gari gani?"

Inspekta akageuka kumtazama. Mshale alikuwa anatazama mbele, kwa makini kuliko siku zote alizowahi kuendesha.

*

Dereva wa lori alikuwa amekamatwa jana machimboni na sasa yuko mahabusu. Siku aliyoletwa alijisifu kaunta kwamba amekaa barabarani mpaka gari analitambua kwa mlio, huhitaji kumwonyesha. Inspekta alimtoa, akamkalisha kwenye kiti kibovu cha chumba cha mahojiano, akafungua dirisha. Nje lilikuwa linapita gari.

"Lile gani?"

"La kubeba maziwa," dereva alisema bila kugeuka. "Bomba la moshi limetoboka."

Inspekta akachungulia. Lilikuwa la maziwa.

"Umemkata mtu mguu ukakimbia," alisema. "Hilo ni lako na utalibeba. Sikusaidii."

"Nitalibeba, afande. Nilimwona kwenye kioo. Nilimwona akiinua mkono." Dereva akaziba uso kwa viganja. "Nilikimbia. Sijui nilikuwa nakimbilia wapi, machimboni nilipakia nini, sijui."

"Lakini kabla ya hapo ulikuwa unapisha."

"Nilikuwa napisha."

"Unapisha gari gani?"

Viganja havikutoka usoni. Sauti ikatokea katikati ya vidole.

"Gari tu."

"Wewe? Unayejua bomba la moshi la gari la maziwa?"

"Afande, naomba unirudishe ndani."

Inspekta alimrudisha, akakaa peke yake mezani. Alichora kona kwenye karatasi, akachora lori, akachora gari la keki, halafu akachora kiboksi kitupu cha lile gari la tatu. Watu watatu. Mmoja anajua kibandiko cha kuku, mmoja anajua nguo, mmoja anajua mlio. Wote wameliona gari lilelile, mchana kweupe, na wote ghafla wamekuwa vipofu. Hawajuani, hawajakaa pamoja wakapanga. Na hakuna aliyesema "sikuliona." Wawili wamesema kuna gari, wa tatu amekaza kamba zisizokuwepo. Wanachokataa ni kulitaja.

Kulitaja kwa nani?

Aliuweka mkono kwenye karatasi, ukabaki hapohapo. Wanakataa kumtajia yeye.

Alitoka nje kwa mwendo wa mtu anayetafuta choo. Uani, Mshale alikuwa ameshachota ndoo nyingine ya maji. Inspekta hakumsemesha. Akapiga magoti mbele ya gari la kituo, akiwa na suruali yake iliyopigwa pasi, akaingiza mkono chini ya bampa. Juu kulikuwa kumeoshwa. Chini, mahali ambapo kitambaa hakifiki, kidole chake kikapita kwenye kitu cha mpira. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha rangi ya chungwa, kama ganda, cha plastiki ya koni.

Ndoo ikawekwa chini.

"Ulisema tulipita mapema," Inspekta alisema, bado kapiga magoti.

"Mkuu..."

"Nijibu."

"Yule mzee wa kibao aliinua mkono," Mshale alisema polepole. "Nikamwashia taa. Akashusha mkono. Huwa anashusha. Lori likanipisha, nikajua limepisha vizuri. Nilisikia kishindo, mkuu, kidogo tu, nikasema ni koni. Tulikuwa tunawahi kantini." Akasukuma ndoo kando kwa mguu. "Na wewe hukusema kitu."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Si pembeni yangu? Ulikuwa unacheka. Umetumiwa ile video ya mbuzi anayepanda ngazi."

Inspekta akaikumbuka video. Aliikumbuka yote, mpaka mbuzi alipoteleza. Alijaribu kukumbuka koni, lori, mtu aliyepiga magoti na brashi. Hakupata hata kimoja. Alimkumbuka mbuzi tu.

Getini kulikuwa na mtu amesimama na mfuko wa nguo. Alikuwa Kinyozi. Mama Pacha alikuwa mdogo wa mke wake, na alikuwa amemletea kanga ya kujifunika. Alimwona Inspekta amepiga magoti mbele ya bampa, akaelewa, akavua kofia.

"Lilikuwa letu," Inspekta alisema.

"Mwaka juzi nilisimamisha gari moja la wakubwa," Kinyozi alisema. "Nililala humu ndani, nikaambiwa nimezuia kazi ya serikali. Tangu hapo nikiona taa nashusha mkono. Mkono wenyewe unashuka, mkuu, siuamrishi." Akaufinyafinya ule mfuko. "Lakini kijiti kilikuwa kimeshakwenda. Nilijua kimekwenda. Nilipuliza filimbi mpaka ikanichubua mdomo, nani atasikia? Halafu nikamwacha shemeji yangu alale hapa. Mke wangu ananipakulia chakula ananiwekea mlangoni. Sina uso wa kumlaumu."

"Wala mimi sina," Inspekta alisema.

*

Mama Pacha alikuwa amekaa mahabusu, mgongo umenyooka, miguu mitupu, viatu vimezuiwa kaunta, kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Inspekta aliingia mwenyewe, funguo mkononi. Akaanza kwa kukohoa.

"Mama Pacha. Kuna jambo nimelipata kwenye upelelezi."

"Umelipata leo?"

"Leo."

"Mimi nilikupa juzi," alisema. "Yule bwana mdogo wa kaunta aliniuliza, gari gani lilishuka? Nikamwambia, gari lenu. Akanyanyua kalamu, akakuangalia wewe. Ulikuwa umesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ukamwambia, fupisha."

Inspekta alikumbuka kikombe. Alikumbuka kwamba chai ilikuwa ya moto. Kumbe mambo yote yaliyomhusu mwenyewe alikuwa anayakumbuka vizuri sana.

"Sikusikia ulichosema," alisema.

"Najua hukusikia."

Alisubiri mama amtukane. Hakutukana. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana tusi angalau mtu unaweza kulijibu.

"Unatoka leo," akasema. "Kwanza lazima maelezo yaandikwe upya, ya Mshale na ya kwangu, ndipo mkuu wa kituo afute shitaka. Shemeji yako yuko nje. Nenda nyumbani kwa watoto, tutakuita."

"Siendi." Mama Pacha alisimama, akajipangusa vumbi. "Mara ile niliondolewa kaunta kabla halijaandikwa. Leo nakaa palepale."

Mkuu wa kituo alimwita Inspekta ofisini, akafunga mlango. Alisema jalada lingeweza kwenda kama lilivyo. Alisema dereva wa lori anatosha. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba mtu akijiandikia maelezo ya namna hii amemwaga unga wake mwenyewe, na hakuna atakayemzolea. Inspekta alisema ndiyo mkuu, ndiyo mkuu, nimekuelewa mkuu. Akatoka, akaenda kukaa kwenye benchi la washitakiwa mbele ya kaunta.

Konstebo wa kaunta alidhani ni utani. Alicheka, akaangalia kushoto, kulia, akaona hakuna mwingine anayecheka. Mama Pacha alikuwa amevuta kiti karibu. Kinyozi alikuwa amesimama ukutani na mfuko wake. Watu waliokuja kuripoti simu zao zilizoibiwa walikuwa wamepanga foleni, na foleni nzima ilikuwa inatazama.

"Andika," Inspekta alisema. "Juzi mchana nilikuwa ndani ya gari la kituo, kiti cha mbele. Tulikuwa tunarudi kula. Hatukuwa kwenye dharura yoyote. Gari lilipita kwenye kibao cha SIMAMA kwa mwendo wa kasi kiasi..."

"Kiasi?" Mama Pacha aliuliza.

"Kwa mwendo wa kasi."

Konstebo akafuta, akaandika. Alikuwa anaandika huku jasho linamtoka puani.

"Lori likatupisha, likamgonga fundi aliyekuwa kazini. Hatukusimama. Siku ileile huyu mama alieleza ukweli hapa kituoni, na mimi ndiye niliyezuia usiandikwe."

"Weka na neno lenyewe," Mama Pacha alisema.

"Nilisema, fupisha."

Ikaandikwa. Konstebo akasafisha koo. Alibakiwa na swali moja la kawaida, analouliza kila shahidi, na hakujua alitamke vipi kwa mtu ambaye jana tu alikuwa anampigia saluti.

"Mkuu... samahani... wakati gari linapita pale, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Inspekta aliangalia sakafu. Alisema kitu ambacho hakikuvuka kidevu chake.

"Sauti," Mama Pacha alisema. "Hajasikia."

Inspekta akanyanyua kichwa. Kwenye foleni, aliyekuwa amebeba mtoto aliacha kumbembeleza.

"Nilikuwa nachezea simu," alisema, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka nje.

Mama Pacha alisubiri mpaka kalamu ikafika mwisho wa mstari. Halafu akaomba apewe viatu vyake.